Saruji ya Mwenyekiti

Nilikuwa mwenyekiti wa kitongoji kwa miaka 10, kuanzia uchaguzi wa Desemba 2014 hadi ule wa Novemba 2024, katika mji mdogo ulio kando ya barabara kuu iendayo Zambia. Kwa wasomaji walio nje ya Tanzania, naomba nieleze kwanza mji mdogo ni kitu gani, kwa sababu haya ninayoyasimulia yasingetokea kwa namna ileile katika jiji. Mamlaka ya mji mdogo ni makazi yaliyokwisha kuvuka hali ya kijiji lakini hayajafikia kuwa halmashauri ya mji. Iko chini ya halmashauri ya wilaya, ina afisa mtendaji aliyeajiriwa na serikali, na imegawanyika katika vitongoji ambavyo wenyeviti wake ndio wanaokaa kikaoni kujadili mambo ya soko, taka, viwanja, maji na shule. Mtendaji ana mshahara. Sisi wenyeviti hatukuwa nao. Tulipata posho ya kikao pale ilipopatikana, na mara nyingi haikupatikana. Kila mmoja wetu alikuwa na shughuli yake ya kumlisha: mmoja fundi seremala, mwingine dalali, mwingine mwalimu mstaafu mwenye mashine ya kusaga, na mimi nilikuwa na duka la vifaa vya ujenzi lililosajiliwa kwa jina la mke wangu. Duka hilo ndilo sababu ya kuandika haya.

Nilipolisikia neno "mgongano wa maslahi", yaani faida yako binafsi kugongana na kazi ya umma uliyopewa, kwa mara ya kwanza, katika mafunzo ya siku moja tuliyopewa baada ya kuapishwa, nililihesabu kuwa ni neno la watu wakubwa. Diwani wetu alikuwa akijaza tamko la mali na madeni na kuliwasilisha Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma kila mwaka kabla Desemba 31 haijapita, kwa kuwa Sheria ya Maadili ya mwaka 1995 inamtaka afanye hivyo kama inavyomtaka mbunge na waziri. Wajumbe wa bodi za zabuni nao wanatakiwa na sheria ya ununuzi wa umma kutamka uhusiano wao na mzabuni na kujitoa. Kwetu sisi wa kitongoji hakuna fomu iliyowahi kufika mezani, wala hatukuiulizia. Tulikuwa tukiambiana, na mimi nikiwa miongoni mwa waliosema kwa sauti kubwa, kwamba mtu anayejitolea hana maslahi ya kugongana na kazi yake, maana angekuwa anatafuta fedha asingekubali kiti hiki.

Leo naamini kinyume chake, na nimefika kwenye imani hiyo kwa njia chungu. Mwenye mshahara anajua amelipwa. Mwezi ukiisha, hesabu yake na umma imefungwa. Anayejitolea hafungi hesabu. Mwenyekiti wa kitongoji hugongewa mlango saa 11 alfajiri na watu wawili wanaogombea mpaka wa shamba, na kabla hajanawa uso amekuja mama anayetaka barua ya utambulisho ili akafungue akaunti benki. Mchana kuna kijana aliyeko kituoni anayehitaji mdhamini anayefahamika, jioni kuna msiba unaomngoja aseme neno la serikali, na usiku kuna mume na mke ambao wazee wameshindwa kuwapatanisha. Siku kama hizo duka lilifunguliwa saa 5 na kufungwa saa 9. Kila siku ya namna hiyo niliiandika moyoni bila kujua kwamba ninaandika, na baada ya miaka kadhaa nilikuwa na daftari nene la madai dhidi ya mji wangu mwenyewe. Mtu mwenye daftari kama hilo haibi. Anajilipa kidogo kidogo, kwa njia anazoziona halali, na wala dhamiri haimsumbui.

Ishara ya kwanza niliiona kwa wenzangu kabla sijaiona kwangu. Mwaka 2016 vilijengwa vizimba 32 katika soko letu jipya, na wenyeviti 9 tukapewa kazi ya kupitia majina ya waombaji. Hakuna aliyeomba rushwa, na nina hakika ya hilo kwa sababu nilikuwemo tangu mwanzo hadi mwisho. Kilichotokea ni kwamba kila mjumbe, jina la mtu wake lilipofikiwa, alisema maneno mawili matatu: huyu ni mchapakazi, huyu ana watoto wengi, huyu tunamfahamu. Tulipomaliza, vizimba 11 vilikuwa vimekwenda kwa wake, dada na mashemeji wa wajumbe. Mimi sikuwa na mtu mle, kwa kuwa mke wangu alikuwa na duka tayari, na nikarudi nyumbani nikijiona safi. Katika mkutano wa hadhara mzee mmoja alisimama, akasema "Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake," akaketi. Orodha haikubadilika.

Nilichokuja kukielewa baadaye ni kwamba dhuluma ya soko lile haikufanyika katika kupiga kura. Ilifanyika wiki tatu kabla, wakati tangazo la kuomba vizimba lilipobandikwa kwenye ubao wa ofisi, mahali ambapo kinamama wauza nyanya wa stendi hawafiki, huku wajumbe wakilitaja tangazo hilo nyumbani wakati wa chakula cha usiku. Wake zetu na dada zetu walijua siku, walijua fomu inapatikana wapi, walijua picha ngapi zinahitajika. Wauza nyanya walijua dirisha lilipokwisha kufungwa. Hakuna mjumbe aliyedhani kwamba kuzungumza na mkewe mezani ni matumizi mabaya ya ofisi, na mimi mwenyewe nisingemlaumu yeyote wakati ule.

Kisha ikaja zamu yangu. Oktoba 2021 serikali ilizindua mpango wa maendeleo na mapambano dhidi ya UVIKO-19, kwa shilingi trilioni 1.3 za mkopo kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, na sehemu ya fedha hizo ilikuwa ya kujenga madarasa 15,000 nchi nzima, 12,000 kati yake yakiwa ya sekondari, ili wanafunzi wa kidato cha kwanza wa Januari 2022 waingie wote kwa mkupuo mmoja. Kila darasa lilitengewa shilingi milioni 20. Sekondari yetu ilipata mawili. Kazi ilifanywa kwa utaratibu wa force akaunti, yaani hakuna mkandarasi. Shule na jamii wananunua vifaa wenyewe, wanaajiri mafundi wa hapohapo, na wananchi wanachagua kamati tatu, ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Wajumbe wake hawalipwi. Ni utaratibu ninaoupenda hadi leo, kwa sababu nimeona kwa macho yangu fedha iliyokuwa ikiishia kwa mkandarasi mmoja ikijenga madarasa mawili badala ya moja, na mafundi wetu wakipata kazi mlangoni kwao. Lakini ni utaratibu unaomkuta kila mtu na ndugu yake.

Nilichaguliwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi kwa sababu najua vifaa na bei. Kamati ya manunuzi ikakusanya nukuu za bei ya saruji kutoka maduka matatu. Duka la mke wangu liliweka shilingi 15,500 kwa mfuko, la pili 15,800, la tatu 16,200, na kamati ikachagua bei ya chini kama ilivyopaswa. Sikumwambia mtu yeyote bei za wenzangu wala sikukaa kwenye kikao chao. Kila mtu mjini alijua duka ni letu. Kwa sababu hiyo sikulisema, nikijiambia kwamba jambo linalojulikana na wote halihitaji kutangazwa. Kati ya wajumbe watano wa kamati ya manunuzi, watatu walikuwa wakikopa vifaa kwetu. Hilo nalo lilijulikana na wote, na hakuna aliyelisema. Muda ulikuwa mfupi na malipo yalikuwa yakisubiri taratibu zake, nasi tukatoa mifuko 180 kwa mkopo ili mafundi wasisimame. Watu wakanisifu. Mtendaji alisema mbele ya kikao kwamba mwenyekiti ameibeba kazi mgongoni, na nikapigiwa makofi, na nakumbuka jinsi nilivyoona kwamba hatimaye mji umeanza kunilipa.

Novemba mvua zilianza, na paa la stoo yetu lilikuwa likivuja kwenye kona moja bila sisi kujua. Kijana wetu wa dukani alipakia mzigo bila kuukagua, na ndani ya mzigo huo kulikuwa na mifuko 14 iliyokwisha kuingia maji na kuganda. Kamati ya mapokezi ilikuwa na jukumu moja tu, kuhesabu na kukagua kabla ya kusaini. Siku ile alikuwepo kijana mmoja, fundi umeme, ambaye alibonyeza mifuko ile kwa vidole akakuta mabonge. Akasaini. Fundi mkuu naye aliona, akayaponda mabonge kwa nyundo, akachekecha, akachanganya na saruji nzuri, na ikaenda kwenye sakafu ya darasa la pili. Januari wanafunzi waliingia, picha zikapigwa. Machi sakafu ilianza kutoa vumbi, kisha ikapasuka kuanzia mlangoni hadi kwenye meza ya mwalimu.

Mkuu wa shule aliniita. Ni mama mwenye heshima nyingi, na alinionyesha sakafu bila kumtuhumu mtu. Fundi mkuu alinieleza habari ya mabonge, na nikamtafuta yule kijana, nikamkuta akifunga nyaya kwenye nyumba mpya. Alishuka kwenye ngazi akanisalimia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ile saruji ya mwisho uliipokea wewe. Uliiona imeganda?"

"Niliiona, mzee."

"Mbona ulisaini?"

Aliangalia chini kwa muda. Kisha alisema, kwa adabu ileile, "Ningesemaje, mzee? Wewe ndiye mwenyekiti wa kazi. Duka ni la mama. Na baba yangu bado hajamaliza deni la mabati pale dukani."

Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi kuliko hotuba yoyote niliyowahi kuisikia. Nilikuwa nimelinda bei. Nilijua kwamba watu wakiniangalia wataangalia kama nimepandisha bei, na kwa hiyo niliishusha, nikaona nimemaliza wajibu. Sikuwaza kwamba kila ununuzi una mlango wa pili, ule wa kupokea, na kwamba mlangoni pale anatakiwa kusimama mtu anayeweza kusema "hapana, rudisha." Kwa kuuza na kusimamia kwa wakati mmoja nilikuwa nimemwondoa mtu huyo mlangoni bila kumgusa. Kijana hakuwa mwoga kuliko wengine. Alikuwa mtoto wa mtu anayedaiwa. Na kama ningekuwa nimetamka mapema, mbele ya watu na ndani ya muhtasari, kwamba saruji hii ni ya nyumba yangu na kwa hiyo naomba ikaguliwe kwa ukali zaidi na nisiwepo inapopokelewa, angekuwa na kitu cha kushikilia. Jambo linalojulikana na wote lakini halijasemwa halimsaidii mnyonge hata kidogo. Hawezi kulitaja bila kuonekana anatukana.

Wazo langu la kwanza, ambalo nalieleza kwa aibu, lilikuwa kutengeneza sakafu kimyakimya. Nilimwendea mkuu wa shule nikamwambia nitaleta mifuko 6 na fundi siku ya Jumamosi, kwa gharama yangu, na Jumatatu watoto wataingia darasani kama kawaida. Alinishukuru, kisha akaniuliza, "Lakini mzee, nitaiandikaje kwenye leja? Saruji ikiingia shuleni bila maelezo nayo ni hoja ya ukaguzi." Alikuwa sahihi. Ili saruji ile iandikwe, ilibidi sababu yake iandikwe, na ili sababu iandikwe ilibidi niiseme.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa nyumbani. Jina lililo kwenye leseni si langu. Mke wangu aliniuliza, "Kwa hiyo unataka wanisikie nimeuza saruji mbovu kwa watoto wa watu?" Sikuwa na jibu zuri, kwa sababu duka lilikuwa limewekwa kwa jina lake kwa urahisi wangu mimi, na sasa fedheha ilikuwa inamfuata yeye. Tulikaa na jambo hilo siku nne. Siku ya mkutano wa hadhara, Aprili 2022, nilisimama nikasema kwamba saruji ya madarasa ilitoka kwenye duka la familia yangu, kwamba mifuko 14 ilikuwa imeganda, kwamba sikumwambia mtu yeyote rasmi kuwa nauza kwenye kazi ninayoisimamia, na kwamba sakafu itarudiwa kwa gharama yetu. Mke wangu alikuwa amekaa kwenye mkeka pamoja na kinamama wengine, na nilipomaliza hakuinamisha kichwa. Watu walinyamaza. Mtu mmoja aliuliza kama nondo nazo zilikuwa zetu, nikasema hapana, zilitoka duka jingine. Usiku mwenyekiti mwenzangu alinipigia simu akaniambia, "Mzee mwenzangu, umetuvua nguo wote." Nilimwelewa. Kila mmoja wetu alikuwa na saruji yake mahali fulani.

Hapo ndipo nilipolikumbuka jambo jingine ambalo kwa miaka nilikuwa nikilihesabu katika mema yangu. Wakati wa kutambua kaya maskini kwa ajili ya ruzuku ya TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, majina hupendekezwa na wananchi wenyewe mkutanoni, kisha kaya hizo hupelekewa dodoso, na jina lisilotajwa mkutanoni halifiki kwenye dodoso. Mama yangu mdogo, mjane aliyekuwa akiishi kwenye chumba kimoja na wajukuu watatu, alitajwa na jirani yake. Mimi nilikuwa mbele, nikasema kwa haraka kwamba huyo tutamwangalia wenyewe kama ukoo, tuendelee. Nilisifiwa kwa hilo pia. Mama mdogo hakuniuliza, na sisi kama ukoo hatukumwangalia kama nilivyoahidi.

Kwa miaka nilidhani kwamba kumkata ndugu yangu ndiko uadilifu kwenyewe. Baada ya habari ya sakafu niliona kwamba ni ugonjwa uleule. Nilitumia kiti changu kuamua jambo la mtu wangu, na nililiamua kwa faida yangu, maana faida si fedha peke yake. Jina zuri nalo ni mali, na mimi nilijinunulia jina zuri kwa ruzuku ya mjane. Nilichopaswa kufanya kilikuwa chepesi: kusema huyu ni mama yangu mdogo, nampisha katibu aendeshe jambo hili, na kwenda kusimama nyuma ya watu hadi wamalize. Wangemchukua au wangemwacha, lakini wangeamua wao. Nilimwendea nikamwomba radhi. Alisema, "Mwanangu, mimi nilijua unaogopa maneno ya watu," kisha akanipikia chai.

Kuanzia katikati ya mwaka 2022, kwa pendekezo langu na la yule mwalimu mstaafu, tuliongeza kitu kimoja katika ajenda za vikao vyetu. Baada ya kufungua kikao na kupitisha ajenda, kabla ya kusoma muhtasari uliopita, katibu aliuliza nani ana maslahi katika jambo lolote lililo mezani leo, na majibu yakaandikwa. Vikao vitatu vya kwanza hakuna aliyefungua mdomo. Katika kikao cha nne mwalimu mstaafu alisema kwamba ombi la kusogezewa transfoma kwenye kitongoji chake litaifaa mashine yake ya kusaga kuliko nyumba yoyote, na akatoka nje. Baada ya hapo wengine walianza kusema, kwanza mambo madogo yasiyo na gharama, kisha makubwa.

Tuligundua upesi kwamba katika mji mdogo swali gumu ni undugu unaishia wapi. Kama tungehesabu kila mkwe, kila mtani, kila jirani, kila tunayeswali au kusali naye na kila tuliye naye kwenye kikoba, tusingebaki na mtu ndani ya chumba. Mwaka huohuo tulijadili mahali utakapopita mtaro wa maji ya mvua, na wajumbe 5 kati ya 9 walikuwa na nyumba katika eneo hilo. Wangetoka wote, akidi isingetimia, na mtaro usingejengwa. Tulibishana jioni nzima. Mwishowe tulikubaliana kwamba faida inayompata mjumbe sawasawa na mkazi mwingine yeyote wa mtaa ule haimtoi nje, ila aitamke. Anayetoka ni yule ambaye mtaro unakata kiwanja chake au unakiongezea thamani kuliko vya wenzake, na hao walikuwa wawili tu. Kwa upande wa watu, tuliandika makundi matatu: unayekula naye chungu kimoja, unayegawana naye faida, na unayemdai au anayekudai. Hilo la tatu nililitaka mimi, kwa ajili ya yule kijana na deni la mabati la baba yake. Kwetu sheria huuliza sana habari za ndugu, lakini kwa uzoefu wangu deni hufunga midomo kuliko damu.

Kuhusu kutoka nje, wapo waliosema inatosha mtu kutamka na kubaki kimya kwenye kiti chake. Mimi nilikataa, kwa sababu najua nilivyokuwa nikikaa kimya. Nilikuwa nahesabu mikono iliyonyooshwa, na wenye mikono hiyo walikuwa wakiniona nahesabu.

Lipo jambo ambalo hatukulimaliza, na sitaki msomaji adhani tulimaliza yote. Mtu anapouza kiwanja, desturi iliyoenea ni kwenda mbele ya mwenyekiti kushuhudia na kugonga muhuri, na mahali pengi huombwa asilimia 10 ya bei, inayoitwa fedha ya ofisi, bila stakabadhi. Katika baraza letu alikuwepo mwenzetu ambaye alikuwa dalali wa viwanja na shahidi wa mauziano yaleyale. Alimtafuta mnunuzi, akapokea ujira wake, kisha akagonga muhuri kuthibitisha kwamba muuzaji ndiye mwenye mali. Nani angemkagua? Kiwanja cha mjane mmoja kiliuzwa na shemeji yake mchana kweupe kwa njia hiyo, na shauri lake liliingia baraza la ardhi likakaa huko muda mrefu. Tulipotaka kuandika kwamba dalali asishuhudie biashara yake, wajumbe waligawanyika, na jambo likaahirishwa hadi tukamaliza muda wetu. Mwenzetu huyo alikuwa akiniambia kwamba anatoa siku nne za juma kwa wananchi bila senti. Ilikuwa kweli, na nilimwona akiwa na daftari lilelile nililokuwa nalo mimi.

Mwaka 2023 shule yetu ya msingi ilipata fedha za BOOST, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya awali na msingi, na mke wangu akapeleka nukuu yake ya bei kama wengine. Nilikataa kuwa kwenye kamati yoyote, nikatamka, ikaandikwa, na siku ya kufungua nukuu nilikaa nje chini ya mparachichi kwa saa moja na nusu nikisikia sauti bila kusikia maneno. Walichagua duka la mji wa jirani, ambalo bei yake ilikuwa juu ya yetu kwa shilingi 300 kwa mfuko, wakaandika kwamba duka hilo limekubali kurudishiwa kwa gharama yake mzigo wowote utakaokataliwa. Nilikasirika, sitaficha, na mke wangu alikasirika zaidi, maana alikuwa ameshatengeneza paa la stoo. Kwa wiki mbili nilijiuliza kama tumeiongezea shule gharama kwa sababu ya utaratibu nilioupendekeza mwenyewe.

Lori la kwanza lilifika siku ambayo nilikuwa napita kuelekea msibani. Yule fundi umeme ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya mapokezi. Alikuwa amesimama kwenye ngazi ya stoo na daftari mkononi, akibonyeza kila mfuko kabla haujaingia, na wenzake wawili wakihesabu kwa sauti. Sita aliiweka pembeni. Dereva alishuka, akalalamika kwamba anatoka mbali na mafuta yamepanda, akasema hata bosi wake hajawahi kukataliwa mzigo mahali popote. Kijana alimsikiliza hadi mwisho, akamwonyesha mabonge, akampa kalamu. Dereva alisaini kwamba mifuko sita imerudi, akaipakia tena kwenye lori, akafunga turubai, akaondoka.